Mizinga ya Nyuki Kati ya Madishi Mawili

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu. Kila ninapoona mwanafunzi anafungasha vifaa kwenda kijijini kufanya utafiti, siku ile hunirudia yote, pamoja na harufu yake ya moshi na nta. Hebu kaa. Najua una haraka, basi lako linaondoka kesho alfajiri na hujapanga nguo. Nguo utapanga. Mimi nami nilikuwa na haraka, tena kuliko wewe.

Wanafunzi wenzako huniita Mama, na wapo walioanza kuniita Bibi wakidhani sisikii. Nasikia sana. Umri huo sijaufikia, ila katika kazi yetu ya mitandao vitu huzeeka upesi, na mtu naye huzeeka pamoja na vifaa alivyojifunzia. Heshima hiyo nimeipokea kwa mikono miwili, maana inanipa ruhusa ya kusema bila kukatizwa. Kwa hiyo usinikatize.

Ilikuwa mwaka 2013, nikisoma shahada ya pili ya mawasiliano ya simu. Mimi ni mtoto wa Heru Juu, pale jirani na Kasulu mjini, binti wa mkulima wa maharage na muhogo. Nilipoambiwa nichague mahali pa kufanyia utafiti, sikusita. Nikasema narudi kwetu. Moyoni nilikuwa na picha yangu mwenyewe: binti aliyeondoka na begi la kuazima anarudi na madishi, laptop na watu wa kumbebea. Usicheke, hata wewe picha yako unayo.

Kazi yenyewe nikueleze kwa ufupi. Kule Kibondo, upande wa Murungu, kulikuwa na zahanati ambayo simu haikushika. Nesi Yustina aliiendesha karibu peke yake, na akipata mgonjwa wa kumtatiza ilimbidi apande kilima kutafuta netiweki, amwache mgonjwa kitandani. Sisi tulitaka kuiunganisha zahanati hiyo na hospitali ya mjini kwa mawimbi yetu wenyewe, bila kungoja mnara wa kampuni yoyote. Unafunga dishi moja huku na jingine kule, unayaelekeza yatazamane, na nesi anaongea na daktari kwenye kompyuta, anamtumia hata picha ya kidonda. Nilitaka kujua kama vifaa vya bei ndogo vinaweza kuifanya kazi hiyo mwaka mzima, kiangazi na masika, kwenye nchi ya vilima kama yetu. Sharti moja tu mawimbi hayo hayasamehe: madishi lazima yaonane. Kikiingia kitu katikati, mazungumzo yamekwisha.

Tulikuwa wawili, mimi na Festo, mwanafunzi mwenzangu aliyekulia Dar es Salaam. Alikuwa fundi hodari, mwepesi wa kupanda nguzo na mwepesi zaidi wa kusema. Basi la kutoka Kasulu lilitushusha Kibondo tukiwa wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Bodaboda walitubebea mabomba ya nguzo, bomba limelala kwenye bega la abiria na ncha yake inapepesuka nyuma, na kila tuliyempita alisimama kutazama. Asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha, mchana vilimani, jioni ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliokaushwa, Festo akilalamika kwamba ugali wenyewe unavutika hauishi, na huku anaongeza tonge. Watu walitusalimu "Mwakeye!" naye akajifunza kuitikia, vibaya, kila mtu akafurahi. Magoti yangu hayakuuma wakati ule. Hakukuwa na kilima ambacho niliona kirefu. Natamani hata leo kuamka asubuhi moja tu ndani ya kiangazi kile.

Miyombo ilikuwa imepukutisha majani, na kwingine moto wa kuandaa mashamba ulikuwa umepita. Ukisimama zahanati uliweza kuona mabati ya mjini yakimeta kwa mbali. Tukapima, tukasimamisha nguzo, tukafunga sola na betri. Siku Nesi Yustina alipoiona sura ya daktari kwenye kioo cha kompyuta, alianza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Sasa sitaacha mtu kitandani," alisema.

Siku hiyohiyo nilimwandikia msimamizi wangu chuoni kwamba kazi imekaa sawa.

Kisha miyombo ikachipua. Wewe hujaiona miyombo ikichipua, majani yanatoka mekundu kwanza kabla hayajawa kijani, kilima kizima kinawaka. Niliufurahia uzuri huo kwa muda mfupi sana. Mtandao ulianza kukatikakatika, na mvua kubwa ya kwanza ilipolowesha yale majani, ukafa kabisa. Tulibadilisha nyaya. Tukabadilisha betri. Festo akapanda nguzo na kushuka, akalilaumu jua, akailaumu mvua, akaulaumu na mkono wangu uliokaza boliti. Mwishowe nilipanda mwenyewe na darubini, nikaelewa. Pale tulipokuwa tunaona mabati ya mjini palikuwa na ukuta wa majani. Tulipima njia ya mawimbi miti ikiwa uchi, tukasahau kwamba itavaa, na majani mabichi yaliyolowa huyanywa mawimbi kama yetu yasibaki. Kosa kama hilo ni la watu wa fani yetu tu. Tunaitazama nchi kwa wiki chache, tunadhani tumeiona.

Miti iliyotuziba haikuwa mingi. Ilikuwa kwenye mgongo wa kilima kimoja, nayo ilikuwa mali ya Mzee Ruhaga. Humo ndimo alimotundika mizinga yake ya nyuki, mizinga ya magome iliyolala kwenye matawi. Mzee huyo aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, wakitoka Burundi, akakulia pale, akaoa pale, na uraia alikuwa ameupata miaka si mingi kabla ya sisi kufika. Shamba lake lilikuwa dogo. Asali ndiyo iliyowalisha na kuwavika, na wanunuzi walimfuata hata kutoka Kasulu.

Sasa uone hali ilivyokuwa. Miti ikikatwa, mtandao unarudi, napima masika yote, naandika, nahitimu na wenzangu. Baba yangu kule Heru Juu alikwisha kununua koti la mahafali na kulionyesha kijiji kizima. Miti isipokatwa, sina vipimo vya masika na mahafali yanapita bila mimi. Na ikikatwa, Mzee Ruhaga anabaki na mizinga isiyo na pa kutundikwa, nyuki wanahama, na chakula cha nyumba yake kinahama nao. Hili la mwisho nililijua vizuri. Niliona tu kwamba ni jambo la kuongea na mwenyewe, na mwenyewe akikubali basi.

Tulikwenda kwake tukiwa kundi: mimi, Festo, mtendaji wa kijiji na Nesi Yustina. Tulipewa vigoda. Mtendaji akaeleza maendeleo. Festo akaeleza mawimbi, akatumia mikono mpaka karibu amwage maji ya watu. Mimi nikasema kwa Kiha, lugha yetu inayokaribiana sana na Kirundi, ili Mzee ajisikie anaongea na mtu wa kwao, nikawataja akina mama wajawazito. Kisha nikamuuliza kama anaridhia. Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaitazama miti yake kule juu, akatabasamu.

"Ego," alisema. Ndiyo. "Nta kibazo." Hakuna shida.

Mkewe akatuletea asali kwenye bakuli, tukala. Nikatoa karatasi ya ridhaa ya chuo, Mzee akaweka dole gumba. Ikapangwa kwamba wakataji waje Jumamosi.

"Ishu imeisha hiyo, dada," Festo aliniambia njiani. "Mzee kakubali freshi tu, wala hajazingua."

Nami nilidhani imeisha.

Kesho yake akaja msimamizi wangu kukagua kazi. Dakta Halima alikuwa mtu wa Tanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wote wanyamaze ili wamsikie. Alikuwa ametoka safari ndefu ya basi, lakini hakutaka kupumzika. Alivaa raba zake akaniambia nimpeleke kwenye hiyo miti. Nikampeleka, na njia nzima nikimsimulia jinsi tulivyolimaliza tatizo, nikingoja anisifu.

Tulimkuta Mzee Ruhaga juu ya mti. Alikuwa anaishusha mizinga kwa kamba, mmoja mmoja, kwa uangalifu wa mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Mkewe alikuwa chini na moshi, na nyuki walikuwa wamevurugika kila mahali. Haukuwa msimu wa kurina. Masega yaliyotoka yalikuwa meupe, asali yake majimaji, mengine yamejaa watoto wa nyuki, na mama yule aliyakusanya kwenye ndoo ili wapate angalau hicho. Mzee alipotuona alishuka, akajifuta mikono, akatusalimu na tabasamu lake lilelile.

"Mzee wangu, mbona unarina sasa?" Dakta Halima alimuuliza.

"Nawapisha watu wa Jumamosi, mama. Nta kibazo. Ni maendeleo."

"Kundi moja limeshaondoka," mkewe alisema. Mzee akamgeukia, naye akaendelea na moshi wake.

Dakta Halima aliwaaga, tukatembea mpaka tulipofika mbali. Akasimama katikati ya njia, kwenye tope.

"Ulimuuliza, au ulimwarifu?"

"Nilimuuliza, Dakta. Ameweka na dole gumba."

"Mlikwenda nani na nani?"

Nikamtajia.

"Sasa angejibu nini?" alisema. "Serikali imekaa kwenye kigoda chake, chuo kimekaa, na nesi anayewazalisha wakwe zake amekaa. Na yeye ni mtu aliyepewa uraia juzi. Amwambie nani hapana? Mimi Mzigua ndiye wa kukufundisha watu wa kwenu? Kwenu mgeni hukataliwa usoni?"

Hapo ndipo aliponichoma, kwa sababu jibu nililijua tangu utotoni. Nilikua nikimwona mama yangu akimchinjia mgeni kuku wa mwisho na kuapa kwamba bandani wamejaa. Nilikua nikimsikia baba akiitikia "ego" barazani kwa jambo ambalo chumbani lilimnyima usingizi. Kwetu ndiyo ya kwanza hutolewa kwa adabu. Ukiitaka ile ya moyoni unakaa, unaongea mengine, unaondoka, unarudi. Haya yote niliyajua, na bado nilikwenda kwa mzee wa kwetu nikaichukua ile ya adabu, nikaiwekea dole gumba.

"Usimuulize mtu swali lenye jibu moja," Dakta Halima aliendelea, sasa kwa upole. "Katafute kwanza njia ya pili. Ukiipata, rudi kwake peke yako, umweleze zote mbili, ndipo uulize. Siku hiyo akisema ndiyo, tutakata."

"Na mahafali yangu?"

"Mahafali yapo kila mwaka."

Nilimkasirikia, sikufichi. Niliona ni rahisi kwake kusema, mtu ambaye vyeti vyake vimekwisha kupigwa fremu. Lakini nilimwomba mtendaji awasimamishe wakataji, na mimi na Festo tukaingia tena vilimani, Festo akinung'unika kwamba tunajitafutia kazi.

Njia ya pili ilikuwepo, tena haikujificha. Pembeni kulikuwa na kilima chenye shule ya msingi, na kutoka hapo uliona zahanati upande mmoja na mji upande mwingine, na katikati ni mashamba matupu. Ila ilihitaji nguzo ya tatu na madishi mengine mawili ya kuagizwa Dar es Salaam, na mpaka yafike na kufungwa, masika yale yangekuwa yamepita. Ningelazimika kungoja masika mengine. Nilimwendea Nesi Yustina nikamwambia huenda akaendelea kupanda kilima chake kwa miezi mingine. Alikunja uso, akafikiri, kisha akasema kilima amekizoea, lakini nisije nikamsahau. Nikamuahidi.

Nilirudi kwa Mzee Ruhaga kwa mguu, bila laptop na bila mtu. Nikamkuta na mkewe wanachagua maharage ya mbegu kwenye mkeka, nami nikakaa nikachagua pamoja nao. Tukaongea mvua. Tukaongea ndugu zake waliobaki ng'ambo, na ndugu zangu wa Heru Juu. Waliponikaribisha chakula nilikula. Hata sikulitaja neno langu mpaka Mzee mwenyewe aliponiuliza kilichonileta.

Nikamweleza kwamba njia ziko mbili. Moja inapita kwenye miti yake na itafanya kazi mapema. Nyingine inapita shuleni, itachelewa, na nesi amekubali kusubiri. Habari ya mahafali sikuitia humo, kwa sababu ule ulikuwa mzigo wangu, si wake.

Mikono yake iliendelea kuchagua maharage. Mkewe alikuwa ameacha.

"Nikisema miti ibaki, zahanati itapata?" aliuliza.

"Itapata, Mzee."

"Hakuna atakayesema Mrundi amezuia maendeleo?"

Nikamwambia nitasimama mimi mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, nieleze kwamba njia tumeibadilisha sisi watu wa mtandao kwa sababu ya pili ni nzuri zaidi, na ndivyo ilivyokuwa. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kundi.

"Oya, mwana wanje," alisema. "Miti yangu niachie."

Hapana, mwanangu. Miti yangu niachie.

Kisha akalirudia kwa sauti kubwa, "Oya!" akacheka, mkewe naye akacheka mpaka akajifunika uso na kitenge. Ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kumwona mzee yule akicheka. Lile tabasamu la siku zote lilikuwa kitu kingine. Nami nikacheka nao, mwaka wangu mzima umeniponyoka mikononi, na sijawahi kupewa jibu lililonifurahisha namna ile. Njiani nikarudi nalia, kwa sababu mtu anaweza kufurahi na kulia kwa jambo hilohilo.

Nilipita Heru Juu kumweleza baba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule mzee aliokoa nyuki. Nikamwambia makundi mengine yalibaki, ila lile moja halikurudi. Akatikisa kichwa kumhurumia. Habari ya mahafali hakuigusa tena, wala hakuniacha nijieleze zaidi. Nilihitimu mwaka 2015, akaja, amekonda, koti linampwaya mabegani, na alipiga makofi hata kwa watoto wa watu wengine. Leo hayupo. Ningetoa mengi nimwone tena amekaa pale mbele anapiga makofi.

Mtandao wa shuleni ulishika masika yote yaliyofuata. Nesi Yustina alikuwa akinipigia kwa kompyuta, si kwa shida yoyote, ananionyesha tu watoto waliozaliwa.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Kesho unakwenda kwa watu na karatasi za ridhaa kwenye mkoba, zimepigwa muhuri wa chuo, na vifaa vizuri kuliko vyetu. Watakupokea. Watakupa kigoda kizuri na chakula walichowawekea watoto. Watakukubalia upesi, nawe utafurahi, utaniandikia kwamba jamii ina ushirikiano mkubwa. Hapo ndipo uwe mwangalifu. Mtu anayekukubalia kwa sababu hawezi kukukatalia bado hajakukubalia. Usiende kwake na wakubwa wake. Usiende na haraka yako, wala usimbebeshe mahafali yako. Kaa naye, fanya naye kazi iliyo mkononi mwake, mweleze njia zote ulizonazo, na kama huna ila moja, rudi ukatafute nyingine kabla hujafungua mdomo. Halafu uliza, na unyamaze mpaka ajibu. Ukishindwa kuupima mti ukiwa na majani utarudia kupima, hasara yake ni muda. Ukimkatia mtu kile anachoishi nacho, na yeye anakutabasamia, hakuna kifaa kitakachokuonyesha kosa hilo.

Nenda sasa ukapange nguo zako, na chukua sweta, kule juu kuna baridi. Mungu akufikishe salama, akulinde barabarani na kwenye nguzo, abariki mikono yako na kichwa chako. Na popote utakapokaa kwenye kigoda cha mtu, mwanangu, akujalie kuaminiwa mpaka mwenye nyumba asiogope kukuambia hapana.